Anayepita na Anayekaa

Ndugu msomaji, tuanze na swali ambalo pale kijiweni huwa linaishia kwenye kelele: barabara ni ya nani? Ya anayepita, au ya anayekaa?

Mimi ni mtu wa Haneti. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile wakoloni waliyoiota itoke Cape Town mpaka Cairo, inapita kwetu. Zamani ilikuwa vumbi tupu, na masika ilikuwa tope. Basi likikwama mnalala nalo. Tarehe 27 Aprili 2018 Rais Magufuli alizindua lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251. Tulishangilia, na tulikuwa na haki.

Lakini lami nayo huzeeka. Siku itafika mafundi waje kumwaga tabaka jipya juu ya la zamani. Mimi nataka tuzungumze kabla greda halijawashwa.

Yupo mzee mmoja, fundi viatu, anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu anayoizungusha kwa mikono. Siku moja nilimkuta amekwama kando ya lami, mvua imekula udongo wa pembeni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu nisukume kidogo. Mimi siombi malori yasimame. Naomba na mimi nivuke."

Ukingo wenyewe kimo chake ni kiganja tu. Mimi naruka, wala sikumbuki. Kwake ni mlima. Sasa fikiri: ukimwaga tabaka jipya katikati bila kuinua pembeni, mlima unakua. Kazi safi kabisa, barabara inang'aa, na mtu amefungiwa nyumbani.

Mshikaji wangu mmoja dereva ananibishia: "Bwana we, ukiweka matuta kila kijiji, nyanya zinaozea njiani. Watu mia wacheleweshwe kwa ajili ya mtu mmoja?" Hoja hiyo ina uzito. Dawa za huyo huyo babu zinakuja na gari.

Wala mimi si msafi. Usiku mmoja nikiwa basini, nina njaa, nilimpigia dereva kelele, "Ongeza moto!" Tulikuwa katikati ya kijiji cha watu. Nikashuka Haneti, nikataka kuvuka, lori likanipita kama mshale. Nikalitukana! Mtu yule yule, usiku ule ule. Haki yangu ilikuwa imebadilika kwa kushuka ngazi tatu za basi. Hiyo ni haki kweli, au ni tumbo tu?

Mmarekani mmoja, John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alitaka tupange taratibu zetu kana kwamba hatujui tutakuwa nani. Basi mchoro wa barabara uchorwe hivyo. Mchoraji asijue kama atashika usukani au atazungusha ile baiskeli. Nadhani atakubali kupoteza dakika mbili. Dakika hufidiwa mbele ya safari, mguu haufidiwi.

Tena kuna deni. Katika Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wagogo wengi walihamishwa kutoka makazi yao wakakusanywa vijijini, mara nyingi kando ya barabara, ili huduma ziwafikie. Ukimwita mtu mlangoni kwako, usimwambie kesho kwamba anakuzibia njia.

Tunachodai si kikubwa: kivuko mbele ya shule na zahanati, mteremko mahali pa ngazi, mitaro yenye mifuniko, njia ya miguu isiyogeuzwa maegesho ya malori, na matuta yanayoonekana hata usiku. Na yule mwenye karatasi asije na gari lenye vioo vya giza akaondoka. Aje siku ya mnada, akae kwa fundi viatu, avuke naye mara moja tu.

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Lakini hawakusema kwamba hagongwi. Hilo walituachia sisi. Ndugu msomaji, leo jioni ukiwa kwenye siti yako dirishani, utapiga kelele gani?