Haki ya Mwenye Kuipenda Kazi Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimfikilie Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Tajiri atakaye mtu wa kumwajiri aghalabu huuliza mambo mawili: ni mwana wa nani, na ujira wake kiasi gani. Qurani tukufu yafundisha mengine. Katika Surat al-Qasas yatajwa habari ya Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan, mgeni mhitaji, akawanyweshea wasichana wawili mifugo yao bila ya kutaka malipo. Katika aya ya 26 mmoja wao amshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa mwajiriwa aliye bora ni mwenye nguvu na amana. Nguvu ni kuiweza kazi. Amana ni kuifanya vema hata asipotazamwa.

Mwenye kuipenda kazi yake ndiye huyo. Fundi wa majahazi wa namna hii halali na ubao uliokaa vibaya; huung'oa akaupiga upya, ijapokuwa nahodha hakuuona. Mtu huyu ni neema, na neema ina haki zake.

Haki ya kwanza ni kuwekwa penye kazi aijuayo. Imepokewa kwamba ulipokuwa ukijengwa msikiti wa Madina, Talq bin Ali, mtu wa Yamama, alikuwa hodari wa kukoroga udongo, Mtume (S.A.W.) akaamuru aachiwe kazi hiyo, kwa kuwa aijua kuliko wenziwe.

Haki ya pili ni maneno mema. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka 10, naye asimulia kwamba hakuguniwa hata mara moja.

Haki ya tatu ni ujira: ujulikane kabla ya kazi, ulipwe kabla ya jasho kukauka. Hapa ndipo wengi huangamia. Tajiri akisha kujua kwamba fundi hawezi kuiacha kazi aipendayo, humkawiza mshahara na kumzidishia mzigo, akisema moyoni, "Huyu haendi popote." Ameifanya hima ya mwenziwe kuwa kamba ya kumfungia! Na ajue kwamba katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mwenyiezi Mungu ametaja watu 3 ambao Yeye atakuwa khasimu wao siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Mbele ya khasimu huyo hapana wakili wala rushwa.

Wala hasara si ya akhera tu. Fundi aliyedhulumiwa hupiga msumari pasipo moyo, na ubao uliolegea hufunguka mbali na pwani, bidhaa ya tajiri ikiwa ndani.

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Basi kila mwenye mfanyakazi wa namna hii na amtazame kabla ya Ijumaa ijayo: amlipe alichomcheleweshea, na mzigo uliomshinda amsaidie kuuchukua, kama alivyoamuru Mtume. Mwenyiezi Mungu awajaalie Waislamu insafu baina yao. Amin.