Kinundu Kimeonekana, Je, Kimejulikana?

Mtu anapata ajali ya pikipiki, anapelekwa kwenye kipimo cha CT ili kutazamwa mbavu, na picha inaonyesha kitu ambacho hakuna aliyekitafuta: kinundu cha milimita saba kwenye pafu la kulia. Mbavu ni nzima. Daktari amekiona kinundu, amekipima, na bado hajui ni kitu gani.

Wanafalsafa wamebishana karne nyingi iwapo kuona kunatosha kuitwa kujua. Radiolojia inalijibu swali hilo kila siku, na jibu lake ni hapana.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha zaidi ya watu 53,000 waliovuta sigara kwa miaka mingi. Waliopimwa kwa CT yenye mionzi kidogo walikufa kwa saratani ya mapafu kwa asilimia 20 pungufu kuliko waliopigwa eksirei. Hiyo ni neema kubwa. Lakini karibu robo ya vipimo vya CT vilionyesha jambo la kutiliwa shaka, na katika hivyo zaidi ya asilimia 96 havikuwa saratani.

Aliyesaidia kuielewa hali hii ni mtu wa dini. Thomas Bayes, mchungaji wa Kipresbiteri wa Uingereza, alifariki mwaka 1761 na kuacha hesabu iliyochapishwa miaka miwili baadaye. Richard Price, mchungaji mwenzake aliyeihariri, aliitumia kumjibu mwanafalsafa David Hume kuhusu miujiza. Kiini chake ni kwamba ushahidi mpya hupimwa pamoja na yaliyojulikana kabla yake. Kwa mzee aliyevuta sigara miaka 40, kinundu kina uzito wake. Kwa kijana wa Mwanza aliyewahi kuugua kifua kikuu, ugonjwa unaoacha makovu ya duara mapafuni, kina uzito mwingine kabisa.

Wakati nao ni ushahidi. Miongozo ya mwaka 2017 ya Jumuiya ya Fleischner, ya wataalamu wa picha za kifua, inashauri kinundu kigumu cha milimita sita hadi nane kipigwe picha tena baada ya miezi 6 hadi 12. Kikitoka milimita nane kufika kumi, jicho huona badiliko dogo, ilhali ujazo wake umekaribia kuongezeka maradufu.

Je, mgonjwa aambiwe? Jamaa wengi humsihi daktari anyamaze, na wanafanya hivyo kwa upendo. Hata hivyo upendo huo unamdhuru mgonjwa. Asiyeambiwa hatarudi kwa picha ya pili. Tena yeye ndiye mwenye habari ambazo picha haina: kama alifanya kazi mgodini, kama alimaliza dozi ya kifua kikuu, kama kuna picha ya CT ya miaka mitatu iliyopita iliyohifadhiwa kabatini. Ikiwa kinundu kigumu kilikuwepo tangu wakati huo kwa ukubwa uleule, kwa kawaida hakuna haja ya kumchoma sindano kifuani ili kuchukua sampuli.