Jawabu kwa Ndugu wa Mtabila: Katika Kumuuza Mnyama Asiyeliwa

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba wanyama na akawatiisha chini ya mikono yetu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu, limenifikia swali la mwanafunzi wetu wa zamani akaaye Mtabila, katika vilima vya Kasulu, bara ya Kigoma. Amesikia habari ya watu waliokwenda ofisini kwa Waziri mjini Nairobi kupinga kuchinjwa punda, na ya watu wa nchi za mbali wapingao biashara ya nyama ya mbwa na paka. Wenziwe wakamwambia: "Sisi hatuli mbwa, wala paka, wala punda, basi hayo yatuhusu nini?" Nimeona jawabu liwafikie na watu wa pwani, kwani maneno hayo nimeyasikia barazani kwetu pia.

Ama kula, hukumu ya madhehebu yetu ni wazi. Mbwa na paka ni haramu, kwa kuwa ni wanyama wa chonge. Na punda wa kufugwa aliharimishwa siku ya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, vyungu vikiwa motoni, Mtume (s.a.w.) akaamuru vimwagwe. Hayo hata mtoto wa chuoni ayajua. Lakini jueni ya kwamba hukumu haikomi kinywani.

Sikilizeni yaliyotokea Kenya. Tangu mwaka 2016 yalifunguliwa machinjio ya punda, hata yakawa manne: Naivasha, Mogotio, Lodwar na Machakos. Kilichotakiwa zaidi ni ngozi, ipelekwe China, ichemshwe, itolewe gundi ya kufanyia dawa iitwayo ejiao. Taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa baina ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Wezi wakaingia mazizini usiku, na mwanamke aliyekuwa akichotewa maji na punda akarudi kuyabeba mgongoni mwake. Wenye punda wakaandamana, na Februari 2020 Waziri Peter Munya akatangaza kuyafunga machinjio hayo. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri yake. Kisha Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi.

Sasa nauliza: wale ambao hawakuibwa, walifikaje machinjioni? Waliuzwa na wenyewe. Katika jamaa zangu yuko mtu aliyemuuza punda wake mzee, aliyembebea mawe ya nyumba anayolala hivi leo. Nilipomkabili, alisema: "Mimi nimeuza mnyama hai, na wala sili. Lililofuata si langu." Nikamwambia: Ndugu yangu, wanazuoni wetu wamesemaje juu ya mtu amuuziaye zabibu mgema wa mvinyo? Akiwa ajua, au ana dhana yenye nguvu, kuwa zitafanywa mvinyo, apata dhambi, ijapokuwa yeye mvinyo hajapata kuuonja. Nawe ulimjua mnunuzi, na lori ukaliona. Na Imam Nawawi ametaja katika Majmuu kuwa kwetu Mashafii haijuzu kumchinja mnyama asiyeliwa ili kuchukuliwa ngozi yake. Basi umesaidia jambo usilohalalishiwa kulitenda.

Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na zile fedha?" Nikamwambia: Mauzo yamesihi, na dhambi imebaki. Tubia, ujute, usirejee, na utoe sadaka. Alilia, nami sikumcheka, kwani ada ya chuo cha mwanawe ilikuwa imemkaba.

Huenda mtu wa Mtabila akasema: je, mwenye njaa? Mahali hapo palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwaka 2012, na watu wake waijua njaa kwa jina. Twajibu: mwenye kuchelea kufa sharia yamruhusu hata mzoga, kwa kadiri ya kuishika roho yake. Lakini mwenye mizani sokoni hana dharura, ana tamaa.

Wala usijidanganye kwa kusema "sisi hatuli". Mwaka 2018, mjini Nakuru, alikamatwa mtu akichuna paka, na akakiri kuwa nyama akiwauzia wafanya sambusa. Walaji wangapi walidhani wala halali? Uovu usiokatazwa mlangoni kwa jirani huja ukaingia katika chungu chako.

Ama kusimama mbele ya mtawala na kusema kweli, hilo ni katika kukataza mabaya kwa ulimi. Mkono ni wa mwenye mamlaka, ulimi ni wa kila ajuaye, na moyo ni wa aliye dhaifu. Huko Indonesia, kwa Mashafii wenzetu, watu walipinga miaka mingi, na Julai 2023 soko la Tomohon likaacha kuuza nyama ya mbwa na paka. Korea ya Kusini nayo Januari 2024 ilipitisha sheria ya kuikomesha biashara ya nyama ya mbwa, ambayo adhabu zake ni tangu 2027. Lakini adabu ishikwe: pasivunjwe duka, wala pasitukanwe taifa la watu.

Na tuanze nyumbani. Mtume (s.a.w.) alipanda punda, na akamlaani aliyemtia punda chapa ya moto usoni. Basi enyi watu wa Lamu, ambao punda ndiye gari lenu, msimzidishie mzigo, na mwenye kidonda mpelekeni hospitali yake iliyopo kwenu tangu 1987. Nanyi wenye watoto, wakatazeni kumpiga mbwa mawe. Kuosha mara saba kumewekwa kwa ajili ya chombo alichokiramba. Hakukuwekwa ili mbavu zake zivunjwe.

Mola atujaalie huruma kwa wasio na ulimi, siku ambayo nasi tutaihitaji huruma Yake. Amin.