Kaburi la Olney

Masomo: 1 Mambo ya Nyakati 17:16-17, Luka 19:1-10

Wengi mmeniuliza nimewaletea nini kutoka Uingereza. Nimewaletea habari ya kaburi.

Binti yetu alinipeleka Olney, mji mdogo wa mashambani kando ya mto Ouse. Kanisa la Petro na Paulo ni la mawe, la karne ya 14, na mnara wake mrefu unauona kutoka mbali. Ndani nilikuta baridi na viti vitupu (ilikuwa siku ya kazi, nisiwaseme vibaya). Hapo ndipo John Newton alihudumu kuanzia 1764 hadi 1780, watu wakajaa mpaka roshani ikaongezwa. Kwa Mwaka Mpya wa 1773 alitunga wimbo kutokana na maombi ya Daudi tuliyosoma. Mnaujua: Amazing Grace.

Amelala pale nje na mkewe Mary. Nikasimama, mimi Mwafrika, nikashindwa kuomba. Huyu alikuwa nahodha wa meli za watumwa! Watu wa Afrika Magharibi aliwabeba kwa minyororo.

Sasa sikilizeni vizuri. Sisi hupenda kusimulia kwamba dhoruba ilimpiga, akamlilia Mungu, akaacha ile biashara. Sivyo! Dhoruba ilikuwa 1748. Unahodha aliupata baadaye. Jumapili anawaongoza mabaharia katika ibada, na chini ya sitaha watu wamefungwa. Bahari aliiacha 1754 kwa sababu ya ugonjwa. Ni mpaka 1788 alipochapisha kijitabu, akakiri hadharani aliyoyafanya na kuipinga biashara hiyo.

Miaka 40, jameni! Zakayo alirudisha siku ile ile Yesu alipoingia kwake. Newton ameokoka, anahubiri, anatunga nyimbo, na deni bado liko.

Nikaanza kumhukumu pale kaburini. Ndipo Roho akaniuliza habari za msichana anayetufanyia kazi nyumbani. Miezi miwili hatukuwa tumemlipa. Tulimwambia avumilie, tunajenga. Na kila asubuhi alikuwa anatupikia chai, tunaomba pamoja, tunasema amina.

Nilipiga simu nikiwa bado makaburini. Mama mchungaji alidhani nimepotea. Nikamwambia amtumie pesa zote kwa M-Pesa, kabla ya jua kutua.