Tusingoje Matanga

Daktari akiisha kusema, "Mpelekeni nyumbani," jamaa za mgonjwa huyasikia maneno hayo kama hukumu. Huyaelewa hivi: kazi imekwisha, hakuna la kufanya tena. Basi humchukua mgonjwa wao, humlaza katika chumba cha nyuma, na tangu siku ile nyumba yote huingia katika kungoja. Wanaume hurudi kazini mwao. Majirani hupita mara moja, husema "Pole," huacha sukari au machungwa, nao huenda zao. Binti mmoja, mara nyingi yule ambaye hajaolewa, au yule aliyeachika akarudi kwao, hubaki na mgonjwa mchana na usiku, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa tano.

Kisha mgonjwa hufa, na hapo watu hutokea. Kabla jua halijachwa turubai limesimama, viti vya kukodi vimepangwa, kamati imechaguliwa, na daftari la michango lazunguka. Ndugu wa mjini waja na basi zima. Wasioweza kuja watuma fedha kwa simu. Fulana zenye picha ya marehemu zachapwa, na aliyekufa bila mtu wa kumshika mkono asindikizwa kaburini na watu mia tatu. Si nia yetu kuyalaumu matanga. Kuzika wafu ni tendo la huruma, nasi twalishika vema kuliko mataifa mengi yaliyotupita kwa mali. Lakini katika orodha ile ile tuliyokariri utotoni kwenye mafundisho ya dini, kuwatazama wagonjwa hutajwa kabla ya kuzika wafu. Twaonekana kuwa tumelipa deni la pili kwa fedha nyingi, na lile la kwanza tumemwachia binti yule peke yake.

Swali lenyewe ni hili: je, mtu ambaye hatuwezi kumponya atudai nini? Wako wanaojibu kwamba hatudai kitu, ila sala. Huitumia kanuni tuliyofundishwa seminarini, ya kwamba hakuna mtu afungwaye na lisilowezekana. Kanuni ni ya kweli. Lakini yatupasa kuangalia ni lipi hasa ambalo haliwezekani tena. Kuponya kumeshindikana, hilo halina ubishi. Kukaa naye hakujashindikana. Kumgeuza ubavu, kumlowesha midomo, kumsikiliza, kumletea ndugu yake waliyekosana naye miaka kumi iliyopita, hayo yote yangali yawezekana, wala hayahitaji cheti cha chuo chochote.

Usiku ule katika bustani ya Getsemani, Bwana wetu Yezu Kristu aliwachukua watatu kati ya wafuasi wake akawaomba wakeshe pamoja naye. Hakuwaomba wamwokoe. Petro alikuwa na upanga, akadhani kazi ya rafiki ni kupigana. Kumbe alichoombwa ni kutolala saa moja tu, nayo ikamshinda. Na katika Agano la Kale twasoma jinsi rafiki watatu wa Yobu walivyoketi naye chini siku saba, usiku na mchana, pasipo kusema neno. Nathubutu kusema kwamba hilo ndilo jema kubwa walilomfanyia. Walianza kukosa siku ile walipofumbua vinywa ili wamweleze kwa nini anateseka. Laiti wageni wetu wangeisoma habari hiyo kabla ya kuingia chumbani pa mgonjwa! Maana wapo wanaosimama miguuni pa kitanda na kuanza kuhesabu watu waliokufa kwa ugonjwa uo huo, na wengine humwuliza mgonjwa kama amechunguza ni dhambi gani iliyomletea mateso.

Mwaka 1948, huko London, mwanamke mmoja aitwaye Cicely Saunders alikuwa akimtembelea hospitalini mgonjwa wa kansa, David Tasma, Myahudi kutoka Poland. Mwanamke huyo alikuwa zamani muuguzi, na wakati ule kazi yake ilikuwa kushughulikia shida za wagonjwa, za nyumbani na za fedha. Hakuwa daktari bado, wala hakuwa na dawa ya kumpa. Walizungumza tu. Walizungumza juu ya maisha ya mgonjwa yule, ambaye aliona kwamba anakufa bila kuacha alama yoyote duniani, na juu ya nyumba ambamo watu wa hali yake wangeweza kumaliza siku zao kwa amani. Alipokufa alimwachia paundi 500 kwa ajili ya nyumba hiyo. Saunders akasomea udaktari, akahitimu mwaka 1957, na mwaka 1967 akaifungua nyumba yenyewe, St Christopher's, ambayo imeigwa pande nyingi za dunia. Kwetu Afrika ya Mashariki wazo hilo lilizaa Nairobi Hospice mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda, mjini Kampala, mwaka 1993.

Mama huyo alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa si ya mwili tu. Yako ya moyo, yako ya nyumba yake, yako ya roho, nayo hufungamana hata mgonjwa mwenyewe hawezi kuyatenga. Ya mwili yana dawa. Mtu asisome makala haya akafikiri kwamba twaidharau morfini. Papa Pius XII alieleza tangu mwaka 1957 kwamba ni halali kumtuliza mgonjwa maumivu yake, hata kwa dawa kali, na jamaa wanaomnyima mzee dawa hiyo kwa kuogopa kwamba "atazoea" wanamtesa bure. Lakini mama anayelia usiku kwa sababu hajui nani atamlipia karo mtoto wake wa mwisho, utampa vidonge vingapi? Huyo ataka shangazi wa mtoto aje aketi kitandani na kusema, "Wifi, mtoto nitamchukua mimi." Nimeona mgonjwa akilala usingizi baada ya neno kama hilo, ambaye siku tatu hakulala.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanda njia ya Loliondo kwenda kijiji cha Samunge kunywa kikombe kilichouzwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Wagonjwa wengine waliondolewa katika vitanda vya hospitali ili wapelekwe huko, na baadhi yao walifia njiani, ndani ya magari, katika vumbi, wamezungukwa na watu wasiowajua. Siwacheki jamaa zao. Walikuwa wakiwapenda. Lakini upendo wao ulikuwa umejifunza kazi moja tu, ya kutafuta dawa, na dawa ilipokosekana haukujua kuketi. Hata leo nyumba nyingi huuza ng'ombe wa mwisho, kisha kipande cha shamba, wakihama kwa mganga huyu na mwombeaji yule, hali mgonjwa mwenyewe alishaomba zamani aachwe apumzike kwake.

Kwa nini hatuwezi kuketi? Nadhani ni kwa sababu kuketi ni kukubali, na sisi tumeapa kutokubali mbele ya mgonjwa. Hapo ndipo unapozaliwa uwongo wa huruma. Baba asema:

"Mwanangu, naona safari yangu imekaribia."

"Usiseme hivyo, Baba. Utapona tu. Mvua zikianza tutakwenda shambani pamoja."

Baba hunyamaza. Mwana hutoka nje akifuta machozi, akidhani amemtia mzee moyo. Kumbe mzee alikuwa amebisha hodi, akakuta mlango umefungwa. Huenda alitaka kusema mpaka wa shamba unapita wapi, au kwamba ana deni la mbuzi wawili kwa jirani, au kwamba kuna mtoto nje ya ndoa ambaye jamaa hawamjui. Huenda alitaka kusema kwamba anaogopa. Hatasema tena, kwa kuwa amefahamu kwamba hofu yake inawaumiza wanawe, naye ni baba, hataki kuwaumiza. Hivyo hubaki peke yake katikati ya watu wake, kila mmoja akijua, hakuna asemaye.

Wasema, "Tukimwambia kweli atakata tamaa, atakufa upesi." Jambo hili lahitaji kupambanuliwa. Simaanishi kwamba mtu aingie chumbani akatangaze habari za daktari kama karani asomaye barua. Kunyamaza si kusema uwongo. Mgonjwa ana haki ya kutotaka kujua leo, na kweli yaweza kungoja mpaka atakapoiuliza. Lakini anapoiuliza mwenyewe, kwa maneno au kwa macho, kumjibu kwa hadithi ya mvua na shamba ni kumnyang'anya siku zake za mwisho, ambazo ni mali yake, si yetu. Mara nyingi tunajilinda sisi wenyewe, kisha twasema tumemlinda yeye. Mwana yule hakuhitaji kuwa na jibu. Ingetosha aketi chini na kusema, "Baba, waonaje? Una neno la kuniambia?"

Turudi kwa binti yule wa chumba cha nyuma. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na kwa kweli mzigo wake twauona mwepesi ajabu. Twamsifu kanisani kwa moyo wake wa upendo, na hakuna amwulizaye alilala saa ngapi. Amefua mashuka, amechota maji, amemwinua mtu mzima mara sita kwa siku, na biashara yake ya maandazi imekufa. Kumtembelea mgonjwa pasipo kumpumzisha mwuguzaji ni nusu ya ziara. Atakayekuja saa tatu za usiku na kumwambia, "Nenda ukalale, dada, nitaketi naye mimi mpaka alfajiri," huyo amewatazama wagonjwa wawili.

Kazi hii si ya mtu mmoja, wala haikutokea kwanza Ulaya. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, chama cha kuwatuliza wagonjwa kilianzishwa mjini Kozhikode mwaka 1993. Baadaye majirani wa kawaida walifundishwa, vijijini na mijini, nao huwatembelea wagonjwa wasioponyeka: hutazama kama nyumbani mna mchele, kama watoto wanakwenda shule, kama mwenye kuuguza amepata kula. Serikali ya jimbo iliifanya kazi hiyo kuwa sehemu ya sera yake mwaka 2008. Na kwetu je? Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, dawa za kupunguza makali zilipokuwa bado hazijafika, wapo akina mama waliozoea kuingia katika nyumba ambazo wengine walizipita mbali, wakawaosha wagonjwa na kuwalisha. Hawakumponya hata mmoja. Sijamsikia mtu akisema kwamba walipoteza muda wao.

Tena chombo tunacho. Maaskofu wa AMECEA waliziweka Jumuiya Ndogondogo za Kikristo mbele katika kazi ya uchungaji tangu mwaka 1976, na leo hakuna mtaa wa parokia usio na yake. Jumuiya ijuayo kukusanya michango ya jeneza usiku mmoja haishindwi kupanga zamu za kukesha. Wajumbe wafundishwe mambo machache tu. Mwili unaoaga huacha kutaka chakula. Kumlazimisha mgonjwa kijiko cha uji kwaweza kumpalia, na kitambaa chenye maji midomoni humfaa zaidi. Tasbihi isemwe kwa sauti ya chini, fungu moja au mawili, si kwa kelele za kumfukuza shetani. Watoto wasifukuzwe chumbani, kama mgonjwa awapenda. Na hata akiwa amefumba macho watu waangalie wanayosema kando yake, kwa maana wauguzi wengi waamini kwamba masikio hukawia kufa.

Sisi mapadre nasi tuna neno. Twaitwa saa nane za usiku, twafika, mgonjwa hana fahamu tena. Jamaa wamechelewa kwa kuogopa kwamba akimwona padre mlangoni atajua kuwa anakufa. Ni uwongo ule ule, umevaa nguo nyingine. Tangu agizo la Papa Paulo VI la mwaka 1972 imekuwa wazi kwamba Mpako wa Wagonjwa haukuwekwa kwa ajili ya pumzi ya mwisho tu, na Komunyo ya Pamba, yaani masurufu ya safari, humfaa mtu angali aweza kumeza na kujua anampokea nani. Mpelekeeni katekista habari siku ile ile mnaporudi kutoka hospitali, na jioni yake mwiteni kiongozi wa jumuiya mpange zamu. Mgonjwa akiwa bado na sauti, mwulizeni yeye mwenyewe angependa nani akeshe naye. Huenda akamtaja mtu ambaye hamkumfikiria.