Mlinzi wa Bustani ya Mungu

Mwenyezi Mungu alipokwisha kumwumba Adamu, hakumweka bustanini ili ale na kulala tu. Alimpa kazi mbili: kuilima bustani na kuilinda. Ndivyo kifundishavyo Kitabu cha Mwanzo katika sura ya pili. Kisha alimletea wanyama awape majina. Basi tangu siku ile binadamu ni msimamizi wa viumbe. Mwenyewe ni Mungu.

Kamalondo ni mtaa wa mji wa Lubumbashi. Lakini mbali upande wa kaskazini, katika nchi ile ile ya Katanga, liko bonde liitwalo pia Kamalondo, lenye mto Lualaba na maziwa ya Upemba na Kisale. Karibu yake ipo Hifadhi ya Upemba, iliyowekwa mwaka 1939, makao ya punda milia wa mwisho wa Kongo. Bondeni humo yumo na swala mmoja apendaye maji na matope. Wataalamu walimtambua kuwa wa aina ya peke yake mwaka 2005 tu, wala hapatikani penginepo duniani. Wawindaji wamempunguza hata amekaribia kwisha.

Na ufikiriwe mfano huu. Kijana wa Kamalondo ya mjini, katekumeni, alikwenda porini kujitolea kuhesabu wanyama. Hakupewa mshahara, ila unga na maharagwe. Kila alfajiri alifuata njia iliyopimwa pamoja na mlinzi wa hifadhi, akaandika daftarini: mnyama gani, wangapi, mahali gani, saa ngapi. Nyayo aliziandika, mavi aliyaandika, na mitego vilevile. Siku asipoona kitu, aliandika sifuri.

Siku moja aliona mtego wa waya. Akalitambua fundo lake: ni fundo la mjomba wake, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Mkono wake ukatetemeka. Daftari halikuuliza mtego ni wa nani; liliuliza kama upo. Akaandika kwamba upo.

Jioni alichukua unga wake, akaenda kijijini kwa mjomba, akamsalimu kwa heshima, akamweleza yote.

Mjomba akasema, “Mwanangu, nyama ile ndiyo iliyokununulia madaftari ya shule. Leo watoto wa nyumba hii watakula nini?”

Kijana akajibu, “Mjomba, sijasahau. Unga huu ni wao, na kesho nitaleta tena. Lakini nakuomba uing’oe mitego iliyobaki.”

Mjomba hakujibu neno usiku ule. Lakini unga aliupokea.

Katekumeni na azingatie mambo matatu katika mfano huu.

La kwanza, Amri ya Nane yakataza uongo, hata uongo wa daftari. Kama kijana angaliuficha mtego, walinzi wangalipelekwa penginepo, na mnyama angalikufa polepole shingo ikiwa wayani.

La pili, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba heshima kwa viumbe imo katika Amri ya Saba. Amwuaye mnyama wa mwisho wa aina yake awaibia watoto wasiozaliwa bado.

La tatu, njaa si dhambi. Amkatazaye maskini mtego bila kumgawia chakula amefanya nusu ya kazi. Naye mnunuzi wa mjini, alaye nyama ya wizi mezani pake, asidhani kwamba mikono yake ni safi. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si’ ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kuharibika kwa nchi na taabu ya maskini ni mambo yasiyotengana.

Bwana Yesu alifundisha kwamba hata shomoro, ambao bei yao sokoni ni ndogo mno, Mungu hamsahau mmoja wao. Mungu ajua hesabu yao. Ahesabuye kwa uaminifu afuata kidogo mfano wa Muumba wake.

Kila katekumeni na ajiulize kabla ya kulala: Je, nimelinda nini leo? Je, nimesema kweli ilipokuwa ngumu? Je, nimemgawia nani unga wangu?