Israfu, Ubadhirifu na Pupa Si Kitu Kimoja



Kila asiyejizuia siku hizi huitwa mbadhirifu: aliyekula hadi akashindwa kuinuka, aliyemaliza pesa ya mwezi kwa simu mpya, na mkubwa aliyetafuna mali ya umma. Wote kapu moja. Mimi naona tukiwachanganya hivyo, tutamdhulumu mmoja na kumfichia mwingine.

Israfu ni kupita kiasi katika jambo ambalo asili yake ni halali. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, Allah (s.w.) anaamrisha kula na kunywa, kisha anakataza israfu. Chakula hakina kosa. Kosa ni kutojua pa kuishia. Ubadhirifu, kwa asili yake ya Kiarabu, unatokana na kutawanya mbegu. Mbegu iliyomwagwa barabarani haioti, hata ikiwa konzi moja. Ndiyo maana imepokewa kutoka kwa Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, kwamba mwenye kutoa mali yake yote katika haki si mbadhirifu, na mwenye kutoa kibaba kimoja katika batili ni mbadhirifu. Basi israfu tunaipima kwa kuuliza "kiasi gani?", na ubadhirifu kwa kuuliza "wapi?" Pupa hutangulia yote mawili: ni nafsi kukimbilia kitu kabla akili haijafika.

Tutazame mfano wa hapa kwetu Gatumba, kati ya Mto Rusizi na Ziwa Tanganyika. Aprili 2020 mto ulifurika na maelfu ya watu wakahama nyumba zao, na mafuriko yamerudi tena baada ya hapo. Mama mmoja jirani yetu alipewa mchele na maharage ya msaada. Akapika, akawaita majirani na watoto wao. Siku ya tatu chungu chake kilikuwa kitupu, na watu wakasema: "Mbadhirifu yule, ndiyo maana umaskini haumtoki."

Je, ni kweli? Chakula kiliingia matumboni mwa wenye njaa, na jirani ana haki. Huo si ubadhirifu. Huenda kiasi kilipita, kwani Suratul Furqan, aya ya 67, inawasifu wanaotoa bila kupita kiasi wala kufanya ubahili, na watoto wake nao wana haki ya kesho. Basi anayestahili nasaha ya upole, "Mama, bakisha kidogo," asipewe jina la mharibifu. Lakini mwenye dhamana anayepeleka faranga za wahitaji pasipo pake ni mbadhirifu, hata akila kwa kiasi na kuvaa kwa adabu.

Na asiseme mtu kwamba israfu ni ya maskini tu. Ibn Majah amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza Sa'd israfu ya maji katika udhu, hata akiwa kwenye mto unaotiririka. Baadhi ya wanazuoni wameidhoofisha isnadi yake, lakini maana yake inaeleweka vizuri kando ya Rusizi: wingi wa maji hauhalalishi kuyamwaga.

Kwa hiyo, kabla hujamhukumu mwenzako au nafsi yako, uliza: ni kiasi, ni mahali, au ni haraka? Mwenye israfu afundishwe kipimo, mbadhirifu arudishwe kwenye haki, mwenye pupa azoeshwe subira. Dawa ya mmoja haimponyi mwingine.

Wallahu a'lam.